Kuituliza Tarakilishi: Ubadilishaji wa Feni ya Kisanduku cha Umeme

Wapo watumiaji wa tarakilishi za mezani wanaodhani kwamba mvumo wa mashine hizo ni sauti ya kazi inayofanywa. La hasha! Aghalabu kinachovuma ni feni. Suala hili si dogo kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi anayenukuu rekodi za nyanjani, kwani mvumo unapoimeza silabi ya mwisho ya mshororo, kina nacho hupotea.

Feni mojawapo imo katika kisanduku cha umeme, nyuma ya kasha. Kisanduku hiki huupokea umeme wa ukutani, ambao nchini Kenya ni wa volti 240, na kuugeuza kuwa mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3. Katika ugeuzaji huo, sehemu ya nishati huwa joto, na feni hulitoa nje. Baada ya miaka kadhaa mafuta ya beringi hukauka, vumbi huganda kwenye mapanga, na mvumo hugeuka mkwaruzo. Hata hivyo, kichakataji nacho kina feni yake; kwa hivyo, chanzo cha kelele kithibitishwe kwanza.

Utulivu huletwa na feni yenye beringi bora na mwendo wa polepole. Wahandisi hukadiria kwamba kasi ikipunguzwa kwa nusu, kelele hushuka kwa takriban desibeli 15. Lakini hewa inayosukumwa nayo hupungua kwa nusu. Anayechagua feni ya polepole kupita kiasi huununua ukimya kwa joto, na joto hufupisha maisha ya vifaa vilivyomo.

Feni mpya sharti ilingane na ya awali kwa ukubwa, aghalabu milimita 80 au 120, na kwa volti, ambazo kwa kawaida ni 12. Hewa nayo ielekee upande uleule wa awali. Feni nyingi zina mshale unaouonyesha. Katika visanduku vingi nyaya za feni zimelehemiwa, hivyo kuchomoa na kuchomeka hakutoshi.

Ipo hatari isiyoonekana. Ndani ya kisanduku mna kapasita, yaani vihifadhi vya chaji, ambazo huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya plagi kuchomolewa. Chaji hiyo yaweza kuua. Kwa sababu hiyo, kazi hii ni ya fundi wa elektroniki anayejua kupima na kuondoa chaji hiyo. Asiye na ujuzi huo na aishie kufuta vumbi kwa nje, plagi ikiwa imechomolewa, au anunue kisanduku kizima chenye feni tulivu. Wahenga walinena: tahadhari kabla ya hatari.