Majina ya Maua ya Uani: Faida na Hatari Zake

Tabora hujulikana sana kwa miembe yake. Lakini njia ya misafara, iliyotoka Bagamoyo ikapita hapo na kuishia Ujiji, haikueneza miti ya matunda peke yake. Pamoja na biashara ya pembe na ya watumwa ilienea lugha ya Kiswahili, na ndani yake majina ya maua yapandwayo nyumbani.

Majina hayo yana historia. Waridi ni neno la Kiarabu. Asumini ni neno la Kiajemi lililotufikia kupitia Kiarabu. Mlangilangi umepata jina lake kutoka visiwa vya Ufilipino. Hata hivyo, jina pekee halitoshi kuutambulisha mmea.

Chukua mfano wa mrehani. Katika Kiarabu, neno lililozaa jina hili lina maana ya mmea wowote wenye harufu nzuri. Kwetu limeshika mmea uitwao kitaalamu Ocimum basilicum. Huko Maghreb limepewa kichaka kingine kabisa, Myrtus communis. Mrehani nao una ndugu yake wa porini, kivumbasi, ambao watu wengi huuchoma ili moshi wake ufukuze mbu. Lakini jina kivumbasi hutumiwa kwa aina zaidi ya moja ya Ocimum. Basi mtafiti akiandika kwamba amepima kivumbasi, bila kueleza zaidi, wenzake hawatajua ni mmea upi wa kuupima tena.

Pengine kosa la jina huhatarisha maisha. Nanaa ni jani zuri la kutilia chai. Mnanaha, yaani Datura metel, ni mmea wenye maua makubwa mfano wa tarumbeta, meupe au ya zambarau, nao hupandwa kwa uzuri wake. Sehemu zake zote zina sumu: aliyeila hukauka kinywa, mboni za macho hupanuka, moyo humwenda mbio, naye huweza kuweweseka na hata kufa. Mtu ambaye hajazoea majina haya mawili aweza kuyachanganya kwa urahisi.

Ndiyo sababu wanasayansi hufuata utaratibu ulioimarishwa na Linnaeus mwaka 1753, wa kuupa kila mmea jina la maneno mawili. Jina hilo nalo huhitaji ushahidi. James Grant, aliyefuatana na Speke na kufika Unyanyembe mwaka 1861, alikausha mimea njiani na kuipeleka Uingereza. Kwa kuwa mimea yenyewe ilihifadhiwa, wataalamu wa baadaye waliweza kuichunguza upya badala ya kutegemea maneno matupu.

Kazi hiyo yaweza kufanywa na shule yoyote. Mwanafunzi amwulize bibi yake jina la ua kwa Kinyamwezi na kwa Kiswahili, pamoja na matumizi yake. Kisha akate kitawi chenye ua na majani, akibane katikati ya magazeti mpaka kikauke, na kuandika mahali na tarehe. Mmea asioutambua aupeleke kwa mtaalamu, au katika Hebaria ya Taifa iliyoko Arusha, ambako mimea mikavu huhifadhiwa.

Jina lisilo na kielelezo huleta mashaka. Kielelezo kisicho na jina la wenyeji hupoteza elimu ya wazee wetu. Yafaa tuvihifadhi vyote viwili, wazee hao wangalipo.