Tufani ya 1872 na hesabu ya kinachobaki

Wajukuu zangu hapa Maskati wananicheka kwa madumu ya maji niliyoyapanga ukutani. Juzi mmoja wao, aliyesikia kwenye simu kwamba joto litatumaliza, akaniuliza: “Babu, dunia itakwisha lini?” Nimekuwa karani zaidi ya miaka thelathini. Nikamwambia karani haulizi litatokea lini tu, huuliza pia likitokea kitabaki nini.

Chukueni tufani iliyopiga Unguja tarehe 15 Aprili 1872. Kwetu, karibu na ikweta, jambo hilo ni nadra mno. Mwenye shamba ungalimuuliza mwaka mmoja kabla, angalikwambia hakuna la kuogopa. Lakini tangu wakati wa Sayyid Said watu walikuwa wametia mali yao katika karafuu. Tufani iling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuvunja merikebu za Sayyid Barghash bandarini. Na mkarafuu hukaa miaka sita, saba, ndipo uanze kuzaa. Mwenye deni hangojewi hivyo. Bibi yangu aliyapokea haya kwa mama yake, na hakuyasimulia kwa kucheka.

Kilichookoa ni Pemba, ambayo haikuguswa sana. Bei ikapanda, Wapemba wakazidi kupanda, na tangu hapo karafuu nyingi ni za huko. Hakuna aliyeiweka Pemba kuwa akiba, ilitokea tu. (Na tunaposema nchi ilinusurika, tukumbuke kazi ya mashamba ilikuwa ya watumwa. Khasara yao haikuandikwa kwenye daftari la mtu.)

Ndipo ninaposema watu hukosea kupima. Hutazama jambo huja mara ngapi, hawatazami huchukua kiasi gani. Ukame wa kila mwaka ukila robo ya mavuno, robo hiyo hurudi. Balaa la mara moja katika miaka mia likichukua mche na mbegu, hakuna msimu wa pili. Binadamu wote kumalizika mimi sioni kuwa ni karibu, tumetapakaa sana. Mji mmoja kushindwa kuishi, hilo naliona.

Juni 2007 ilikuja Gonu. Maji ya Maskati hutoka baharini, hutolewa chumvi kwa mitambo. Mitambo iliposimama, mfereji wangu ulikauka siku kadhaa, na nje mafuriko yamejaa njiani. Tulipanga foleni kungojea gari la maji, wazee kwa watoto.

Mwaka mmoja kabla, UNESCO ilikuwa imeziingiza falaji tano za Oman katika urithi wa dunia, Daris ya Nizwa ikiwamo. Falaji haitaki umeme. Maji hushuka kwa mteremko. Ina udhaifu wake: mvua ikikosekana hupungua, na visima vya pampu vikizidi kando yake hukauka. Lakini mtambo na falaji haviogopi adui mmoja, na hiyo ndiyo Pemba yetu.

Falaji ya kijijini kwa wakwe zangu huu ni mwaka wa tatu haijasafishwa. Vijana wote wako Maskati.