Wati Zinazopotea Kati ya Betri na Spika

Katika vijiji vya Endagikot, wilayani Mbulu, ambako ibada, harusi au mkutano wa hadhara unaofanyika mbali na nguzo za umeme za TANESCO hutegemea betri ya volti 12 na paneli ya sola, amplifaya hupimwa kwa mambo mawili: sauti isiyokwaruza, na saa ambazo betri itahimili kabla ya kuzimika. Mambo hayo huonekana kama hayahusiani, lakini katika amplifaya za kuwasha na kuzima, ziitwazo za daraja D, yana mzizi mmoja.

Amplifaya ya kizamani huiacha transista nusu wazi, kama bomba la maji lililofunguliwa kidogo, na nguvu inayozuiwa hapo hugeuka joto. Kinadharia, amplifaya ya namna hiyo ya daraja B haiwezi kufikisha kwenye spika zaidi ya asilimia 78.5 ya umeme inaovuta, tena pale tu sauti inapofika kileleni. Sauti ikiwa ya wastani wa thumuni ya nguvu ya juu, kama ilivyo kawaida ya muziki, ufanisi hushuka hadi asilimia 28 hivi. Kwa hiyo amplifaya ya wati 80 inayotoa wastani wa wati 10 huvuta takriban wati 36, na wati 26 huishia kwenye bati la kupoozea. Betri ya ampea-saa 100, ikitumiwa nusu tu ili isife mapema, ina wati-saa 600, ambazo zitaiendesha kwa saa 16 hivi, ilhali amplifaya ya daraja D yenye ufanisi wa asilimia 80 itadumu saa 48 kwa sauti ile ile. Baridi ya Juni na Julai huko Mbulu husaidia kulipooza bati hilo, lakini kwa kuwa baridi hiyo hiyo huipunguzia betri uwezo, hakuna cha kushangilia.

Amplifaya ya daraja D haiachi transista nusu wazi. Huiwasha yote au kuizima yote, mara laki kadhaa kwa sekunde, na kuufanya upana wa kila pigo ulingane na kimo cha sauti kwa wakati huo, kisha koili na kapasita huyachuja mapigo hayo ili spika ipate sauti peke yake. Wazo si geni, kwani mwaka 1964 Clive Sinclair wa Uingereza aliuza amplifaya ya namna hiyo, X-10, lakini transista za enzi hizo hazikuwa na kasi ya kutosha, na kifaa hicho hakikufana.

Ugumu uko kwenye kupokezana. Transista mbili hukaa kati ya chanya na hasi ya betri, na zikiwaka pamoja hata kwa kitambo kidogo, mkondo hupita moja kwa moja bila kuifikia spika na kuziunguza. Ili kuzuia hilo, huwekwa muda mfu, yaani kipindi ambacho zote mbili zimezimwa. Kwa amplifaya inayopiga mara 400,000 kwa sekunde, kila mzunguko una nanosekunde 2,500, na muda mfu wa nanosekunde 50 ni sehemu moja tu ya hamsini. Hata hivyo, kosa linalotokea humo hugeuka ishara kila mkondo wa spika unapogeuza mwelekeo, na mgeuko huo ndio sikio linaousikia kama mkwaruzo. Anayeufupisha muda mfu hupata sauti safi akakaribia kuunguza transista, na anayeurefusha hupata usalama na sauti chakavu.

Dawa ya kweli ni mrejesho: sehemu ya sauti inayotoka hurudishwa na kulinganishwa na ile iliyoingia, na tofauti yake husahihishwa, ikiwemo ile inayoletwa na volti za betri kushuka kila ngoma inapopigwa. Saketi nyingi za bei nafuu huchukua mrejesho kabla ya koili, kwa hiyo kiini cha koili kikishiba sumaku kwa mkondo mkubwa, mkwaruzo wake hausahihishwi na chochote. Fundi anayebadilisha koili iliyoungua kwa yoyote inayoingia kwenye tundu huutengeneza mkwaruzo huo kwa mikono yake mwenyewe.

Hasara nyingine iko nje ya kasha kabisa. Transista mbili zenye ukinzani wa omu 0.12 kila moja, zikiwa moja kila upande wa spika ya omu 4, hula chini ya asilimia 6 ya nguvu. Lakini spika iliyotundikwa mtini mita 20 kutoka kwenye amplifaya, kwa waya wa shaba wa milimita moja ya mraba, huongezewa ukinzani wa takriban omu 0.7 kwenda na kurudi, na karibu asilimia 15 ya nguvu huishia kuupasha waya joto. Waya mnene ni tiba rahisi kuliko saketi mpya.

Mnunuzi ajue pia kwamba betri ya volti 12, ikiunganishwa moja kwa moja bila kifaa cha kupandisha volti, haiwezi kuipa spika moja ya omu 4 zaidi ya wati 18 za sauti safi, hata kama kasha limeandikwa 500.