Je, Wajua? Ving'amuzi Vinne, Runinga Nane

Je, wajua kwamba sababu ya baa kuhitaji king'amuzi cha pili inaanzia Gijón, nchini Hispania, tarehe 25 Juni 1982? Lilikuwa Kombe la Dunia. Algeria walikuwa wameifunga Ujerumani Magharibi 2–1 katika mechi ya kwanza, na siku moja kabla walikuwa wamekamilisha mechi za kundi kwa kuilaza Chile 3–2. Ujerumani Magharibi na Austria wakaingia uwanjani hesabu yote wakiijua: Wajerumani wakishinda kwa bao moja au mawili, timu zote mbili zinasonga mbele na Algeria inafungasha virago. Horst Hrubesch akafunga dakika ya 10. Baada ya hapo mpira ukawa wa pasi za nenda rudi, hakuna aliyetafuta bao. Waalgeria walidhulumiwa huku dunia nzima ikitazama. Tangu Kombe la mwaka 1986, mechi za mwisho za kila kundi zinachezwa saa ileile, na mwenye baa aliye na king'amuzi kimoja hana budi kuwanyima baadhi ya wateja wake mechi yao.

Ligi Kuu ya England nayo hufunga msimu hivyohivyo, mechi 10 kwa mpigo. Kumbuka 13 Mei 2012, saa 11 jioni kwa saa zetu. Manchester United wanamaliza kazi yao Sunderland, 1–0, na wachezaji wanabaki uwanjani wakisubiri habari za ubingwa. Manchester City wako nyumbani, dakika 90 zimekwisha na QPR wanaongoza 2–1. Edin Džeko anasawazisha. Sergio Agüero anapiga la tatu, saa ya mchezo ikisoma 93:20. Waliokaa kwenye baa yenye mechi zote mbili waliuona ubingwa ukihama kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine.

Wengi hudhani ukiongeza runinga umeongeza mechi. King'amuzi cha kawaida hutoa chaneli moja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo idadi ya mechi hutokana na ving'amuzi; runinga huongeza viti vyenye mwonekano mzuri. Katikati ya ving'amuzi na runinga ndipo kinapokaa kifaa cha kugawa. Spliter huchukua picha moja na kuisambaza kwenye runinga nyingi. Swichi hupokea picha nyingi na kupitisha moja. Matriksi hufanya kazi zote mbili: chanzo chochote kwenda skrini yoyote. Ukiwa na ving'amuzi 4 na runinga 8, matriksi inakupa mipangilio 65,536, kwa sababu kila runinga ina chaguo 4, na hizo nne zinazidishwa zenyewe mara 8.

Je, wajua kwamba runinga hupiga hodi? Waya wa HDMI una pini 19, na pini ya 19 yenyewe kazi yake ni kukijulisha king'amuzi kwamba mgeni amefika. Kisha runinga hujieleza: mimi ni wa kampuni fulani, picha ninazoziweza ni hizi. Maelezo hayo huanzia baiti 128 tu, na mfumo wake ulitungwa mwaka 1994 kwa ajili ya skrini za kompyuta. King'amuzi kikishasoma, ndipo kinaamua kitume picha ya aina gani.

Hapa ndipo fedha za wenye baa wengi zinapopotelea. Mtu ananunua runinga mpya ya 4K, anaifunga kwenye spliter pamoja na ile ya zamani ya pale jikoni. Spliter nyingi zikiona runinga mbili zenye uwezo tofauti hufuata ile dhaifu, maana picha inayotoka ni moja na lazima wote waimeze. Runinga mpya inalishwa picha ya ile kuukuu, na mwenye baa anaamini ameuziwa feki. Hajauziwa feki. Kinachotakiwa ni kifaa chenye uwezo wa kumpa kila mmoja picha ya saizi yake, au kuiondoa hiyo ya jikoni kwenye mgao.

Baada ya hodi unafuata ulinzi. Mfumo wa HDCP, uliobuniwa na Intel, hukagua kila skrini kama ina funguo halali kabla ya kuipa picha iliyolindwa. Skrini moja ikishindwa mtihani huo, inaweza kubaki nyeusi au kuwakawaka, na wakati mwingine hata jirani zake huyumba. Fundi anabadilisha waya, anabadilisha tena, kumbe waya ni mzima. Ajabu ni kwamba ufunguo mkuu wa toleo la kwanza la mfumo huo ulivuja mwaka 2010, Intel wenyewe wakakiri kuwa ni wa kweli, lakini ukaguzi unaendelea mpaka leo kwenye baa za mitaani.

Mimi nina heshima kubwa kwa mafundi wa njia ya zamani. King'amuzi chenye tundu la RF hutoa picha kama kituo kidogo cha televisheni, juu ya waya uleule wa antena. Kimoja kinapangwa chaneli ya 36, cha pili chaneli ya 40, vyote vinaunganishwa kwenye waya mmoja unaozunguka ukumbi. Kila runinga inachagua kwa rimoti yake. Matriksi kamili hiyo, bila kununua matriksi! Picha haina ung'avu wa HDMI, ni kweli, ila hakuna hodi wala funguo, na waya unavuka ukumbi mzima bila shida. HDMI ya kawaida ikipita mita 10 hadi 15 huanza kusumbua. Ndiyo maana mafundi wa sasa huhamishia picha kwenye nyaya za mtandao wa kompyuta, ambazo kwa mfumo wa HDBaseT hufika mita 100.

Rimoti nazo zina kisa chao. Ving'amuzi vya aina moja vikipangwa kwenye rafu moja, rimoti moja huviamuru vyote, na mechi nne zinageuka kuwa moja. Dawa ni kuziba jicho la kila king'amuzi na kubandika juu yake kitaa kidogo cha miale isiyoonekana, kila kimoja na chake. Rimoti ya kwanza ya runinga isiyo na waya, Flash-Matic ya mwaka 1955, kazi ya Eugene Polley wa kampuni ya Zenith, ilitumia mwanga wa tochi. Jua likiingia dirishani, runinga iliweza kubadilisha chaneli yenyewe.

Je, wajua kwamba baa ya Mwanza inaweza kuonyesha mechi ambayo baa ya Manchester hairuhusiwi? Uingereza, Jumamosi kuanzia saa 8:45 hadi 11:15 jioni kwa saa za kule, ni marufuku kurusha soka moja kwa moja, ili watu waende viwanjani. Katazo hilo lilipiganiwa na Bob Lord, mwenyekiti wa Burnley, katika miaka ya 1960. Karen Murphy, mwenye baa mjini Portsmouth, alilikwepa kwa kutumia kadi ya king'amuzi cha Ugiriki. Alishtakiwa, akatiwa hatiani, akakata rufaa, na kesi ikapelekwa Mahakama ya Haki ya Ulaya, iliyotoa hukumu 4 Oktoba 2011. Februari 2012 Mahakama Kuu ya Uingereza ikamfutia hatia.

Mwisho, ile kelele ya bao inayotoka baa ya jirani kabla hujaliona. Setilaiti haina kosa: kupanda kilomita karibu 36,000 na kushuka, mawimbi hutumia takriban robo ya sekunde. Muda mwingi huliwa na mitambo inayobana picha na kuifungua, na kila kampuni ina mwendo wake. Picha ya intaneti inaweza kuchelewa nusu dakika. Kwa hiyo runinga zote za mechi moja zilishwe na king'amuzi kimoja, na aliyekaa kona ya nyuma ataruka juu pamoja na wa kaunta.