Mkimbiaji na mpiga kafi

Wengi wetu tuliokulia Isangi, pale Lomami inapoingia katika mto Kongo, tulijua kupiga kafi kabla ya kujua kuandika. Kisha tunapanda hadi Kisangani, kilomita zipatazo 125, tunaketi madarasani mwaka mzima, na pumzi inapoanza kutukatika kwenye ngazi tunapewa shauri moja: «Kimbia!» Ni shauri zuri, lakini ni nusu ya shauri.

Mbio hufanya kazi kubwa kwa muda mfupi. Anayekimbia kilomita 8 kwa saa hutumia nguvu mara 8 hivi ya aliyekaa kimya; anayetembea kawaida mara 3 na nusu, na mpiga kafi wa kasi ya wastani mara 5 au 6. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2014, juu ya watu wazima 55,137, uliona faida kubwa kwa moyo hata kwa waliokimbia dakika 5 hadi 10 tu kwa siku. (Kweli, huenda wenye afya ndio wanaopenda kukimbia.) Tena kila hatua hugonga mguu kwa mara 2 au 3 ya uzito wa mwili, na mifupa huimarika kwa kugongwa hivyo.

Sasa mtazame Mlokele aliyesimama ndani ya mtumbwi. Kafi halivutwi kwa mikono peke yake: mgongo unainama, tumbo linakaza, mabega yanazunguka, na nyayo zinatafuta mizani kila mtumbwi unapotikisika. Misuli hiyo ya juu, mbio haziijengi sana. Mkimbiaji asiye na zoezi lingine anaweza kuwa na moyo imara na bado akashindwa kupandisha gunia la mihogo kutoka bandarini. Mpiga kafi naye ana upungufu wake, maana miguu yake haigongwi. Mwendesha toleka vilevile: mapaja na pumzi anavyo, lakini baiskeli ndiyo inayombebea uzito.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2020, halisemi «kimbia». Linataka dakika 75 hadi 150 za zoezi zito kwa wiki, au 150 hadi 300 za wastani, pamoja na kazi ya misuli angalau siku 2. Hilo la mwisho ndilo tunalosahau.

Kuna jambo jingine, nasi wa lugha tunapaswa kulisikia. Kilingala kina «kopota mbango» kwa kwenda mbio na «kokima» kwa kutoroka. Kiswahili kinatumia «kukimbia» kwa yote mawili, kwa mkimbiaji na kwa mkimbizi. Katika mji uliopigwa mabomu siku sita, Juni 2000, wazee wa mtaa wetu wakituona alfajiri bado huuliza: «Munakimbia nini?» Mama mdogo hataki kabisa kukimbia. Basi tunatembea haraka, yeye na mimi, dakika 30, siku 5 kwa wiki, na wakati wa kurudi tunabeba maji.