Anza na Kete Kabla ya Kompyuta

Vijana wanaotaka kubuni michezo huniuliza kwanza wanunue kompyuta gani. Nawajibu: njooni tucheze bao.

Bao lina mashimo 32 na kete 64. Lengo liko wazi: maliza kete za mstari wa mbele wa mwenzako, au mbane asiwe na pa kucheza. Hapo umeshakutana na vinavyoufanya mchezo uwe mchezo: lengo, kanuni, na ugumu ambao wachezaji wameukubali kwa hiari yao. Mwanafalsafa Bernard Suits alilitetea wazo hilo la hiari katika kitabu chake cha mwaka 1978, nami naliamini kabisa. Kama shida ingekuwa kupata kete tu, ungezizoa kwa mikono miwili ukaondoka.

Lakini uhai wa mchezo, kwangu, ni uamuzi. Bao linapoanza, kila mchezaji ana kete 22 mkononi, anaziingiza mojamoja, na nyumba yake, yaani shimo lake maalumu katika mstari wa mbele, ina kete 6. Aivunje sasa kwa kuzisambaza kete zake, au aiache inenepe huku akihofia kuliwa? Swali hilo huwainamisha wazee juu ya ubao hadi magharibi. Mchezo wa kurusha dadu pekee hauna swali la namna hiyo, ndiyo maana huchosha upesi.

Basi wewe unayeanza, chukua mchezo unaoujua, ubadili kanuni moja tu. Waite wenzako wacheze, nawe unyamaze. Wakikwama usiwaelekeze, andika walipokwamia, rekebisha, waite tena. Tumia karatasi na maharage. Programu iandike watu wakishaomba kurudia.