Mtoto asipolia anapozaliwa: Historia ya kuokoa pumzi ya kwanza

MTOTO anapozaliwa, kila aliye karibu husubiri sauti moja tu: kilio. Akilia, mkunga hutulia na mama hupewa pongezi. Asipolia, dakika moja inayofuata ndiyo huamua mengi. Je, msomaji, wajua watu wa zamani walifanya nini katika dakika hiyo, na kwa nini baadhi ya waliyoyafanya hayafai kurudiwa?

Wakazi wa Pumwani, Nairobi, wana sababu ya kulijua jambo hili kuliko wengi. Mtaa huo, ambao hata jina lake linakumbusha neno pumzi, una hospitali ya kujifungulia iliyoanzishwa mwaka wa 1926 kwa juhudi za Lady Grigg, mke wa Gavana Edward Grigg. Leo twaijua kama Hospitali ya Akina Mama Kujifungua ya Pumwani, na huenda wewe mwenyewe, au mzazi wako, ulilia humo kwa mara ya kwanza.

KWA NINI MTOTO HUKOSA PUMZI

Akiwa tumboni, mtoto hapumui kwa mapafu. Mapafu yake yamejaa majimaji, na oksijeni huipata katika damu ya mama kupitia kondo la nyuma na kitovu. Mara azaliwapo, majimaji hayo lazima yaondoke na hewa iingie. Iwapo uchungu ulichukua muda mrefu mno, kitovu kilibanwa, au mama alivuja damu nyingi, mtoto huweza kutoka akiwa mlegevu na bila pumzi.

Watoto wengi huanza kupumua bila msaada. Takriban mmoja kati ya kumi huhitaji kusaidiwa, na wengi wa hao huzinduka wakikaushwa na kusuguliwa mgongo tu. Wachache huhitaji kupulizwa hewa, na chini ya mmoja kati ya mia ndiye huhitaji kukandamizwa kifua au kupewa dawa.

WAKUNGA WALITANGULIA

Mnamo 1472, daktari Paolo Bagellardo wa Padua, Italia, aliandika katika kitabu chake cha maradhi ya watoto kwamba mkunga ampulizie hewa mdomoni mtoto asiyepumua. Hata hivyo, kwa muda mrefu madaktari wengi wa Ulaya waliidharau njia hiyo kwa kuiona ni ya wakunga na watu wa chini.

Mambo yalianza kubadilika mwaka wa 1732 huko Scotland. Daktari William Tossach alimpulizia hewa mdomoni mchimba makaa ya mawe aliyetolewa mgodini akiwa kama maiti, naye akafufuka. Mwaka wa 1740, Chuo cha Sayansi cha Paris kikapendekeza njia hiyo kwa waliozama majini. Vyama vya kuokoa waliozama vikaundwa Amsterdam mwaka wa 1767 na London mwaka wa 1774.

Lakini usidhani kila walichofanya kilikuwa na maana. Vyama hivyo pia vilipuliza moshi wa tumbaku katika njia ya haja kubwa ya mgonjwa, wakiamini kwamba joto lake lingemwamsha. Desturi hiyo ilififia baada ya Benjamin Brodie kuonyesha mwaka wa 1811 kuwa tumbaku yaweza kuua.

KUREJEA NYUMA

Cha kushangaza ni kwamba elimu mpya ndiyo iliyoizima njia ya wakunga. Oksijeni ilipogunduliwa katika miaka ya 1770, wataalamu walianza kusema kuwa hewa itokayo kinywani mwa mtu imekwisha kutumika na haina faida kwa mwingine. Kupuliza kwa mdomo kukaachwa.

Badala yake zikaja njia nyingine. Mwaka wa 1871, Bernhard Schultze wa Ujerumani alieleza namna ya kumshika mtoto mabegani na kumrusha juu na chini ili kifua kifunguke. Wengine waliwachovya watoto katika maji ya moto, kisha ya baridi. Wengine waliwaning'iniza kichwa chini na kuwapiga makofi matakoni. Mtoto aliyelowa hupoteza joto upesi, na kipigo hakiingizi hewa mapafuni.

Wakati huohuo, elimu ya kuokoa maisha ilikuwa ikiwafikia watu wa kawaida. Mafunzo ya huduma ya kwanza kwa raia yalianzishwa Uingereza mwaka wa 1878. Hapa Kenya, chama cha St John Ambulance kilianza mwaka wa 1928. Msalaba Mwekundu ulikuwa tawi la ule wa Uingereza tangu 1939, kabla ya kuwa chama cha taifa kwa sheria ya Bunge mwaka wa 1965.

UKWELI ULIPODHIHIRIKA

Katika miaka ya 1950, madaktari James Elam na Peter Safar walithibitisha Marekani kwamba hewa tunayoitoa bado ina oksijeni ya kumtosha mtu mwingine, takriban asilimia 16. Kumbe wakunga wa kale hawakukosea! Mwaka wa 1953, Dkt. Virginia Apgar alichapisha alama za kumpima mtoto mara azaliwapo: rangi, mapigo ya moyo, mwitikio, nguvu za misuli na pumzi. Mwaka wa 1956, mfuko wa mpira wa kupulizia hewa kwa mkono ukabuniwa Denmark, na hadi leo ndio chombo muhimu katika chumba cha kujifungulia.

Hata hivyo, chombo bila ujuzi hakifai kitu. Utafiti uliofanywa Pumwani na kuchapishwa mwaka wa 2008 uliwalinganisha wahudumu waliopewa mafunzo ya siku moja na wenzao ambao walikuwa bado hawajayapata. Waliofunzwa walifuata hatua za mwanzo ipasavyo kwa asilimia 66 ya watoto waliohitaji kuokolewa. Wenzao kwa asilimia 27. Mambo yenye kudhuru nayo yalipungua. Vifo havikuonekana kupungua waziwazi katika muda huo mfupi, lakini nchini Tanzania, utafiti wa hospitali nane uliochapishwa mwaka wa 2013 ulionyesha kuwa baada ya mafunzo kama hayo, vifo vya siku ya kwanza vilipungua kwa asilimia 47.

UFANYE NINI?

Mahali salama pa kujifungulia ni hospitali. Lakini uchungu hausubiri foleni ya magari Barabara ya Jogoo. Mtoto akizaliwa nyumbani au garini, fanya hivi:

1. Mkaushe mara moja kwa kitambaa safi, pamoja na kichwa. Ondoa kitambaa kilicholowa.

2. Mlaze kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, na uwafunike wote wawili. Usivute kitovu.

3. Asipopumua, msugue mgongo taratibu. Pangusa uchafu unaouona mdomoni.

4. Akiwa bado hapumui, mlaze chali, kichwa kikiwa sawa, kisikunjwe kifuani wala kulazwa nyuma mno. Funika mdomo na pua yake kwa mdomo wako, kisha pulizia pumzi ndogo ya mashavuni tu, huku ukitazama kifua kikiinuka. Endelea kwa kadiri ya pumzi 40 kwa dakika.

5. Mwenzako atafute gari au ambulansi. Mama na mtoto wafike hospitalini hata kama mtoto amekwisha kulia.

Usimpige, usimning'inize, wala usimmwagie maji baridi. Na ikiwa kuna mja mzito nyumbani kwako, zungumzeni mapema: ni gari la nani litakaloitwa usiku, na ni nani atakayefuatana naye? Jibu la maswali hayo lisisubiri uchungu uanze.